Nina laki tano ya kusomea: Kindle, kishikwambi au nibaki na karatasi?

#1 Mvuka Maji

Wakuu, heri ya wakati huu.

Nakaa Kigamboni, kazi Posta. Kila siku ya Mungu navuka na pantoni asubuhi na jioni. Ukijumlisha daladala ya huku, kusubiri geti lifunguliwe na kuvuka kwenyewe, inakula kama saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Huo ndio muda wangu wa kusoma. Nyumbani nina watoto wawili ambao wakiona baba kashika kitabu wanajua ni zamu ya kumpanda mgongoni.

Simu imenishinda. Juani inageuka kioo cha kinyozi, najiona mwenyewe tu. Na kila baada ya kurasa mbili grupu la ukoo limeingia, mara harusi, mara michango. Karatasi naipenda, ila mwezi uliopita wimbi liliruka pembeni ya pantoni likanilowesha mimi na riwaya yangu. Mimi nilikauka. Riwaya ilikauka imevimba kama andazi, haifungi tena.

Nimetenga laki tano. Nasoma riwaya, za Kiswahili na za Kiingereza, na kazini wananitumia ripoti za PDF ndefu kama treni. Naomba ushauri, ila mje na yaliyowakuta. Matangazo nimeshayasoma.

#2 Jirani wa Feri

Nimetandika mkeka hapa, ngoja waje wataalamu. Na huo mchango wa harusi toa, mkuu.

#3 Wino Baridi

Mkuu, kwa safari yako wala usiumize kichwa, chukua Kindle, kile kisomaji cha vitabu cha Amazon. Natumia mwaka wa saba sasa.

Nikueleze kwa nini jua haliisumbui. Kioo chake hakitoi mwanga kukupiga machoni kama simu. Ndani kuna vidonge vidogo mno, na ndani ya kila kidonge kuna punje nyeupe na nyeusi zinazoelea kwenye kimiminika. Umeme ukipita, punje za rangi moja zinapanda juu, za rangi nyingine zinazama, unapata herufi; ndio huo wanaouita wino wa elektroniki. Zikishatulia zinabaki pale pale bila umeme wowote, hadi ufunue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa, na ukiiacha mezani imezimwa bado ina picha. Shemeji yangu alijaribu kuibandua akidhani ni stika.

Jua likiwa kali ndivyo inavyosomeka vizuri, sawasawa na gazeti. Usiku kuna taa ndogo pembezoni mwa kioo zinazomulika juu ya ukurasa.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Sony walitoa kisomaji cha namna hiyo Japani mwaka 2004. Kindle ya kwanza ilitoka Novemba 2007 kwa dola 399, na ilikwisha sokoni ndani ya saa sita. Zile za 2024, ya kawaida ilitoka kwa kama dola 110 kule Marekani, na Paperwhite, ambayo ni Kindle ya daraja la juu kidogo, kwa kama 160. Kuhusu wimbi lako: Paperwhite za kuanzia 2018 zinavumilia maji. Ikirukiwa na maji ya chumvi isuuze kwa maji ya bomba, iache ikauke kabisa kabla hujaichaji.

#4 Mzee wa Chakavu

Kijana, kabla hujatoa laki tano yako, muulize huyo bwana Wino swali moja tu. Riwaya za Kiswahili alizosoma mwaka huu, ngapi kazisoma humo kwenye kidude?

Mimi natembea na elfu kumi mfukoni. Pale mjini wanapotandaza vitabu chini nainama, napekua, naondoka na viwili na nauli inabaki. Juzi nimeokota kimoja, ndani kina tiketi ya basi la Tanga na jina la mwanafunzi wa mwaka 1979 aliyepigia mstari kila palipoandikwa "mapenzi". Kitabu kizima! Nilisoma vitabu viwili kwa bei ya kimoja, cha mwandishi na cha huyo kijana.

Na jambo jingine. Mwaka 2009, mwezi wa saba, Amazon waliingia kwenye Kindle za watu wakafuta vitabu vya George Orwell ambavyo wenyewe walishavilipia, kisa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa walirudisha, na Bezos, bosi wao wa wakati huo, akaomba radhi. Kimoja kilikuwa 1984, kile cha serikali inayofuta maandishi ya jana. Kingine ni hicho tunachokiita Shamba la Wanyama. Sasa muuza vitabu wangu wa pale chini hajawahi hata siku moja kunijia usiku kukichukua kitabu chake.

#5 Wino Baridi

Mzee umenipiga pabaya. Nimefungua yangu sasa hivi nikahesabu: vitabu 143, vya Kiswahili sita. Na kati ya sita hivyo, vinne ni PDF za kupigwa picha na simu, nilitumiwa WhatsApp. Kimoja ukurasa wa 43 umeingia kidole gumba cha mpiga picha, kimefunika mistari minne, na ndipo hasa mtu alipokuwa anauawa. Mpaka leo sijui kauawa na nani.

Hata ukigusa neno ili upate maana, kamusi zilizokuja nayo hakuna ya Kiswahili. Kwa Kiingereza raha tupu, kwa Kiswahili unagusa unaambiwa hakuna.

Hilo nalikubali. Lakini kijana kasema anasoma na Kiingereza pia.

#6 bint mkunazini

Assalaam aleikum. Nyie mnaoisifia karatasi nyote mwakaa bara. Njooni Unguja mkae na vitabu miaka kumi muone.

Babu alituachia sanduku zima chini ya kitanda. Tulipolifungua baada ya msiba, juu vizuri kabisa, majalada yanang'aa. Nikanyanyua cha kwanza, mkononi nimebaki na jalada. Mchwa walipanda kwa chini, wakala kurasa zote kwa ndani wakaacha ganda. Vile walivyoviacha mchwa vimeliwa na ukungu, ukivifungua wapiga chafya mpaka magharibi.

Mie Kindle nilimnunulia baba. Ana miaka 74, macho yameshachoka, na kitabu chenye herufi kubwa hapa huna pa kukipata. Mle anakuza herufi mpaka ukurasa mmoja unakuwa na maneno kama thelathini, anasoma barazani bila miwani. Alikuwa hajamaliza kitabu miaka minne, mwaka jana kamaliza kumi na moja. Ila msahafu hataki kusikia, ni ule ule wake wa karatasi na kiwekeo chake cha mbao. Nilimwambia Kiarabu kinasomeka mle, akanitazama tu.

#7 Mwalimu Chaki

Naona kishikwambi hakina mtetezi, niingie mimi.

Changu ni kimojawapo cha vile vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu baadaye. Sikukichagua, kwa hiyo sina ushabiki. Lakini mleta mada kataja ripoti za PDF, na hapo Wino Baridi kapita kama hajaona. Ukurasa wa A4 kwenye kioo cha inchi sita ni mateso. Ukiuacha mzima herufi ni kama siafu, ukiukuza unaanza kuusukuma kushoto kulia kila mstari. Jedwali ndio kabisa usahau. Zipo za wino wa elektroniki zenye inchi kumi, Kindle Scribe na Kobo Elipsa, lakini laki tano yako hazitaitazama. Kwenye kishikwambi PDF inakaa, unapigia mstari, unaandika pembeni, unamtumia bosi.

Na kwa watoto rangi ni muhimu. African Storybook wana hadithi nyingi za watoto za Kiswahili, bure, zina picha, unapakua na kusoma bila bando. Darasa la pili nawasomea nimekishika kishikwambi juu kama bango, wanapiga kelele kabla sijafunua ukurasa.

Ila kwa kusoma ili ukumbuke, hata mimi narudi kwenye karatasi. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta wanaosoma kwenye karatasi wanaelewa zaidi kuliko kwenye skrini, hasa maandishi ya maelezo na mtu akiwa anakimbizana na muda. Kwenye hadithi tofauti haikuonekana. Kwa hiyo riwaya zako soma popote, ila ripoti ukiulizwa kesho yake kwenye kikao, iprinti.

Na usiku kizime. Kuna utafiti wa Boston uliotoka mwishoni mwa 2014, watu 12, siku kadhaa wanasoma iPad kabla ya kulala na siku nyingine karatasi. Siku za iPad usingizi ulichelewa na asubuhi waliamka wazito.

#8 Wino Baridi

Mwalimu, ile iPad iliwashwa mwanga wa juu kabisa, saa nne mfululizo. Nani anasoma hivyo?

#9 Mwalimu Chaki

Mwanangu wa kidato cha pili.

#10 Fundi Mezani

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Nisemee upande ambao hamjaugusa.

Kindle kwangu zinakuja chache, na karibu zote narudisha kama zilivyokuja. Tatizo ni lile lile. Mtu kaiweka kwenye begi, begi limebanwa kwenye daladala, au kaikalia. Ukiishika kioo cha juu kizima, kidole hakisikii ufa wowote. Washa sasa: nusu ya chini inasoma vizuri, nusu ya juu imeganda na mistari kama mvua, na ukurasa wa wiki iliyopita bado unaonekana kwa mbali. Kilichopasuka ni kioo cha ndani, chembamba mno, ndicho kinachobeba ule wino. Kioo cha simu ya kawaida nakutolea kwenye droo hapa, dakika arobaini umeondoka. Cha Kindle hakuna mtaani, lazima kiagizwe nje, na kikifika gharama inakaribia kununua nyingine iliyotumika.

Kwa hiyo kava gumu ni lazima. Sio kava la kupendezea, liwe gumu mbele na nyuma.

Ukinunua ya mtumba, usitoe hela kabla hujafanya haya mbele ya muuzaji. Fungua mipangilio uone imesajiliwa kwa jina la nani. Mwambie aitoe kwenye akaunti yake. Halafu isajili kwa akaunti yako hapo hapo, mkiwa na intaneti. Ikikataa, rudisha. Iliyoripotiwa kuibiwa hufungiwa na wenyewe, na mimi sina dawa yake, usije kuniita saa nne usiku. Kisha fungua ukurasa mweupe mtupu uutazame upande upande. Nukta nyeusi isiyoondoka ukifunua kurasa, hiyo haitaondoka.

Kishikwambi kinatengenezeka. Hilo tu ndilo nasema.

#11 Jirani wa Feri

Fundi kamaliza kazi. Ila mkuu, kishikwambi cha inchi kumi dirishani mwa daladala, pale Mbagala au Buguruni? Kitasomwa na mwingine.

#12 Msomaji wa Nairobi

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mbona mnasema Kindle tu kana kwamba ndiyo jina la kitu chenyewe? Ni kama kuita kila sabuni ya unga Omo.

Mimi nina Kobo, kampuni ya Kanada. Inafungua EPUB, umbo la faili la vitabu pepe, moja kwa moja, na EPUB ndiyo inayouzwa na karibu kila mtu asiyekuwa Amazon. Hapa kwetu kuna eKitabu wanaouza vitabu vya wachapishaji wa hapa, vingi vya shule. Nikitaka kupanga maktaba yangu natumia Calibre kwenye kompyuta, ni ya bure, inageuza faili kutoka umbo moja kwenda jingine.

Mzee wa Chakavu ametaja 2009, mimi nitaje ya juzi. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon waliondoa ule uwezo wa kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Kwa maana nyingine hulipii kitabu, unalipia ruhusa ya kukisoma. Kitabu changu mimi nataka niwe nacho hata siku ambayo tumekosana na muuzaji.

#13 Wino Baridi

Kwani nani kakukataza? Tangu 2022 nikitumiwa EPUB naituma kwenye Kindle kwa barua pepe, inafunguka. Na hiyo Kobo Dar utaipata duka gani? Nimezunguka sana, sijawahi kuiona. Kindle hata kwa mtu anayehama nchi unaipata.

#14 Msomaji wa Nairobi

Sawa, kwa upatikanaji umenishinda. Hata yangu nililetewa.

#15 Kalamu Kavu

Nilikuwa msomaji kimya wa uzi huu lakini kuna mahali pameniuma. "Nilitumiwa WhatsApp." Limepita hivi hivi, kama mtu kasema nimepewa maji ya kunywa.

Mimi naandika. Riwaya yangu ya pili nilichapa nakala 500 kwa pesa yangu, nilikopa kwenye kikoba cha mke wangu. Nimeuza 210. Mwezi wa nne rafiki akanitumia kitabu changu mwenyewe, PDF, na ujumbe "soma hiki mtu wangu, kikali". Hakuangalia hata jina la mwandishi. Nilikuta kwenye grupu la Telegram kimepakuliwa mara nyingi kuliko nakala nilizowahi kuchapa. Mtu alikaa akapiga picha kurasa 188 moja moja. Hiyo bidii angeiweka kwenye kuniuzia ningempa asilimia.

Kwa hiyo mnapouliza kwa nini vitabu vya Kiswahili havipo humo kwenye visomaji vyenu, mwandishi anaona akikitoa kwa umbo la faili ndio kawarahisishia. Anakaa na makaratasi yake chini ya kitanda, kama babu yake bint mkunazini, anasubiri mchwa.

#16 Jiwe Gizani

Pole kiongozi. Lakini na wewe kitie sokoni tukinunue. Mimi niko Songea, kitabu chako nitakipata wapi? Vingi vinaishia Dar, nauli ya kukiagiza inazidi bei yake. Nikipewa PDF nitaacha?

#17 Kalamu Kavu

Nilijaribu. Mtu ananitumia M-Pesa elfu nne, namtumia faili. Wa kwanza alinunua Jumatatu. Alhamisi mtu nisiyemjua wa Mbeya akanipigia kunipongeza, kasoma chote, shilingi yake sijaiona. Nikamuuliza kakipataje. "Kinazunguka, mzee." Alikuwa anafurahi kwa dhati kabisa, nikashindwa hata kumkasirikia.

Kuhusu Amazon, msomaji wangu wa Songea ana kadi ya benki ya kulipia dola? Hana. Ana simu ndogo na salio la elfu mbili.

#18 Wino Baridi

Mkuu, ile yenye kidole gumba… naomba nisikutajie jina la kitabu. Nitumie namba yako ya malipo inbox.

#19 Kalamu Kavu

😂 Ukurasa wa 43 ni shemeji yake. Sasa umejua. Lipa.

#20 Baridi ya Minnesota

Wadau, huku Minneapolis maktaba ya mtaa inakuazima vitabu pepe bure kwa programu ya Libby, na kwa huku Marekani kitabu kinaingia mpaka kwenye Kindle. Siku zikiisha kinajirudisha chenyewe, hakuna faini. Miaka mitatu sijanunua riwaya ya Kiingereza. Lakini vya Kiswahili nikitaka, nasubiri mtu anayekuja kutoka nyumbani aweke viwili chini ya dagaa na unga wa muhogo. Vinafika vinanuka dagaa, na mke wangu anavinusa kabla ya kuvisoma.

Mvuka Maji, ukiletewa kutoka huku uliza kama ni ile ya matangazo. Ni nafuu kidogo, ila ikilala inakuwekea tangazo kwenye kioo.

#21 Mvuka Maji

Wakuu, narudi na mrejesho, miezi mitatu imepita. Samahani kwa ukimya.

Sikununua kishikwambi. Nilipata Paperwhite ya 2018 kwa dada mmoja aliyekuwa anahama nchi, laki mbili na themanini. Nilifanya mtihani wa Fundi wote mbele yake, mpaka akaniuliza kama mimi ni polisi. Kava gumu nilishonewa na fundi viatu wa pale feri, ngozi na kipande cha plaiwudi ndani, elfu kumi na mbili. Si zuri, lakini juzi nimelikalia na halikusema kitu.

Iliyobaki nilikwenda nayo duka la vitabu la TPH pale Samora nikanunua riwaya tano za Kiswahili, na ya Kalamu Kavu nimeagiza kwake mwenyewe, kwa karatasi. Hizo nasomea kibarazani Jumapili. Moja imeshaazimwa na mwenzangu wa kazini, na mkewe yuko kwenye foleni. Kindle hilo halipo, nikimwazima namwazima yote 143, au tuseme yangu 19.

Ripoti za PDF nilijaribu kwenye Kindle siku moja. Mwalimu Chaki, nakuomba radhi kwa kukudharau. Naziprinti ofisini, karatasi si yangu.

Kasoro moja: ukisoma kitabu kile cha kurudi nyuma nyuma, nani alikuwa mtoto wa nani, ni taabu. Kwenye karatasi mkono unakumbuka, ilikuwa kushoto, chini, karibu na mwanzo. Humu kila ukurasa uko mahali pale pale.

Ila pantoni nimeiweza. Jana jioni jua la saa kumi na moja liko usoni, nimesimama upande wa magari, nasoma. Nafunua ukurasa, nasikia mtu nyuma ya bega langu: "Kaka, rudisha kidogo, sijamaliza." Mzee mmoja na kapu la samaki. Nikarudisha. Akaniuliza hakiwezi kuwa na herufi kubwa zaidi. Nikazikuza. Tulifika ng'ambo tukiwa sura ya saba, akaniuliza kesho navuka saa ngapi.

#22 Jirani wa Feri

Picha ya hilo kava la plaiwudi tafadhali.